Mageuzi ya kandanda Marekani yawaacha wanariadha wa Eldoret njia panda

KWA zaidi ya miaka 50, kijana wa Eldoret, Iten au Kapsabet aliyejaliwa kipaji cha mbio amekuwa na njia mbili kuu za kujikwamua. Ya kwanza ni kujiunga na kambi za wanariadha wa kulipwa. Ya pili ni kuvuka bahari na kwenda kusoma Marekani kwa ufadhili wa chuo kikuu, akilipa karo kwa miguu yake. Njia hii ya pili sasa imeingia wasiwasi, na chanzo cha wasiwasi huo ni mchezo ambao wengi wa vijana hao hawajawahi kuushuhudia ukichezwa.

Mchezo wenyewe ni kandanda ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ambayo huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mchezo huo ndio ng'ombe wa maziwa. Pesa za tiketi, za wafadhili na hasa za haki za televisheni ndizo ambazo kwa miaka mingi zimegharamia kuogelea, mieleka, tenisi na riadha, michezo ambayo haiingizi chochote cha kujivunia. Kwa hivyo, japo mwanariadha wa Eldoret hajui hata kanuni za kandanda hiyo, ufadhili wake umekuwa ukikamuliwa kutoka kwa ng'ombe huyo huyo.

Mnamo Juni 6, 2025, utaratibu huo ulibadilika. Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya serikali kuu jimboni California aliidhinisha mapatano ya kesi iliyowasilishwa na wanamichezo wakiongozwa na muogeleaji Grant House dhidi ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo nchini humo. Kwa mara ya kwanza, vyuo viliruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja kutoka kwa mapato yao. Kiwango cha juu kwa kila chuo kiliwekwa kuwa dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025-26, sawa na takriban Sh2.6 bilioni. Aidha, NCAA na washirika wake walikubali kulipa karibu dola bilioni 2.8, ambazo ni zaidi ya Sh360 bilioni, kwa muda wa miaka 10, kama fidia kwa wanamichezo waliocheza tangu 2016 bila kupata sehemu ya mapato hayo.

Uamuzi huo haukuzuka ghafla. Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwa kauli moja, majaji wote tisa, kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuvizuia vyuo kuwapa wanamichezo manufaa zaidi ya kielimu. Siku chache baadaye, mnamo Julai mwaka huo, wanamichezo waliruhusiwa kupokea pesa za matangazo ya biashara kwa kutumia majina na sura zao. Kuanzia hapo, itikadi ya kale kwamba mwanamichezo wa chuo hucheza kwa mapenzi tu ilianza kuporomoka.

Ni vigumu kupinga haki iliyomo katika mageuzi hayo. Makocha wa kandanda walikuwa wakilipwa mamilioni ya dola kila mwaka, na mashirika ya televisheni yakitia saini mikataba ya mabilioni, ilhali vijana waliokuwa wakivunjika mifupa uwanjani walipewa karo, chakula na malazi pekee. Swali linaloibuka ni nani atakayegharamia haki hiyo. Pesa zinazowaendea wachezaji wa kandanda hazikuumbwa upya. Zimetoka mahali, na mahali penyewe ni katika mfuko uliokuwa ukiilisha michezo mingine.

Mgawanyo wenyewe unaonyesha mkondo wa mambo. Vyuo vingi vikubwa vilichukua mfano wa hesabu iliyotumiwa kugawa fidia, ambapo takriban asilimia 75 huenda kwa kandanda, asilimia 15 kwa mpira wa vikapu wa wanaume na asilimia tano kwa mpira wa vikapu wa wanawake. Michezo mingine yote, riadha ikiwemo, inagawana asilimia tano iliyosalia.

Ili kuelewa uzito wa habari hizi kwa jiji la Eldoret na viunga vyake, ni muhimu kukumbuka historia. Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mbio za mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka 1972, alisomea Marekani na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Julius Korir, aliyetokea chuo hicho hicho, alinyakua dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984. Miaka minne baadaye jijini Seoul, Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia na Peter Rono wa Mount St. Mary's waliiletea Kenya dhahabu za mita 800 na 1,500.

Orodha ni ndefu. Sally Kipyego alianzia katika South Plains, chuo kidogo cha miaka miwili jimboni Texas, kisha akahamia Texas Tech, na mwaka 2012 akashinda fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki za London. Paul Chelimo, aliyesomea North Carolina mjini Greensboro, alishinda fedha ya mita 5,000 mjini Rio mwaka 2016 akiwakilisha Marekani. Nyuma ya majina haya makubwa wapo mamia ya wengine ambao hawakupata kuvuma, lakini walirejea au kubaki ughaibuni wakiwa wauguzi, wahandisi, wahasibu na walimu. Kwa familia nyingi za Bonde la Ufa, hao ndio ushindi halisi.

Athari za mageuzi zimeanza kujitokeza, na mfano ulio wazi kabisa unatoka katika chuo kile kile cha Henry Rono. Washington State kilikuwa mwanachama wa ligi ya Pac-12, iliyokuwa na vyuo 12 vya magharibi mwa Marekani. Kati ya 2022 na 2023, vyuo 10 vilitangaza kuihama ligi hiyo vikifuata mikataba minono ya televisheni ya kandanda kwingineko. Washington State na Oregon State vikaachwa mkiwa, mapato yakishuka. Juni 2025, siku chache baada ya uamuzi wa Jaji Wilken, chuo hicho kilitangaza kwamba kingeachana na michezo ya kurusha na kuruka, na kupunguza mbio fupi. Kilichobakishwa ni mbio za masafa marefu.

Mkasa huo una pande mbili. Kwa upande mmoja, unaonyesha kwamba hata chuo chenye historia ndefu katika riadha hakina kinga pesa za kandanda zinapokauka. Kwa upande mwingine, chuo kilipolazimika kuchagua, kilichagua mbio ambazo Wakenya wanazimudu kuliko taifa lolote. Hapa ndipo wanaodai kwamba mlango wa Marekani umefungwa wanapokosea.

Zipo sababu za kihesabu zinazoilinda riadha ya masafa marefu. Kanuni za NCAA zinavitaka vyuo vya daraja la juu la kandanda viwe na angalau michezo 16. Mbio za nyika, riadha ya ukumbini na riadha ya uwanjani huhesabiwa kuwa michezo mitatu tofauti, ilhali mwanariadha mmoja wa masafa marefu anaweza kushiriki yote. Mkimbiaji hahitaji vifaa vya gharama kubwa. Chuo kinachotaka kutimiza idadi kwa bei nafuu hakitapata biashara bora zaidi ya hiyo.

Kwa wasichana, ngao ni imara zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972, maarufu kama Title IX, hupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea pesa za serikali kuu. Chuo chenye zaidi ya wanaume 100 katika kikosi cha kandanda hulazimika kutafuta nafasi za wanawake ili kusawazisha mizani. Ndiyo maana timu ya wasichana ni ngumu kufutwa kuliko ya wavulana, na wavulana ndio wanaopaswa kuwa na hofu zaidi.

Hata hivyo, mapatano hayo yamebadilisha kanuni nyingine ambayo inagusa Wakenya moja kwa moja. Awali, chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili sawa na nafasi 12.6 kwa wanariadha wote wa kiume na 18 kwa wa kike, lakini kingeweza kuwa na wanariadha wengi wasiofadhiliwa. Sasa idadi ya ufadhili haina kikomo kwa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya, ila kikosi chenyewe kimewekewa kikomo: watu 17 katika mbio za nyika na 45 katika riadha. Juu ya karatasi, hiyo ni neema, kwa kuwa kila mmoja kikosini anaweza kulipiwa karo yote.

Tatizo ni kwamba ufadhili mpya unaoongezwa huhesabiwa, hadi dola milioni 2.5, kama sehemu ya zile dola milioni 20.5 za malipo. Kila karo ya ziada anayopewa mkimbiaji hupunguza kiasi kinachoweza kutumiwa kumshawishi mchezaji wa kandanda. Mkurugenzi wa michezo anayejua kwamba kazi yake inategemea matokeo ya kandanda hahitaji kuelezwa achague lipi.

Nafasi zinapopungua, kocha hana subira ya kumlea mwanafunzi kwa miaka mitatu. Anataka mtu atakayeshinda msimu huu. Hilo limewafanya makocha kadhaa kuelekeza macho Afrika Mashariki kwa ari kubwa kuliko zamani. Doris Lemngole, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Alabama, alishinda taji la vyuo la mbio za nyika mwaka 2024 na kulitetea mwaka 2025. Juni 2025 aliweka rekodi ya vyuo ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa muda wa dakika 8:58.15. Katika mashindano hayo hayo, Pamela Kosgei wa New Mexico alitwaa mataji ya mita 5,000 na 10,000. Alabama ni miongoni mwa vyuo tajiri zaidi katika kandanda, jambo linaloonyesha kwamba penye pesa nyingi mkimbiaji hodari bado ana nafasi.

Lakini ushindi huo umezua manung'uniko. Baadhi ya wadau wa riadha Marekani wanalalamika kwamba nafasi za vijana wao zinachukuliwa na wageni wenye umri mkubwa na uzoefu zaidi. Kadiri vikosi vinavyopunguzwa, ndivyo sauti hizo zinavyopaa. Kanuni kuhusu umri, mashindano ya awali na zawadi za pesa zimekuwa zikipingwa mahakamani. Desemba 2024, jaji mmoja jimboni Tennessee alimruhusu mchezaji wa kandanda wa Vanderbilt, Diego Pavia, kuendelea kucheza baada ya kudai kwamba misimu yake katika chuo cha miaka miwili haikufaa kuhesabiwa. Wakenya wengi hupitia vyuo vidogo vya aina hiyo, na kwa hiyo kesi ya mchezaji wa kandanda inaweza kumwongezea mkimbiaji wa Iten msimu mmoja, au kesi nyingine ikamnyima.

Fauka ya hayo, kuna suala la viza. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo ambayo inabana mno ajira nje ya chuo. Kwa sababu hiyo, wakati mwenzake Mmarekani anapokea pesa za matangazo au mgao wa mapato, Mkenya hujikuta katika hatari ya kuvunja masharti ya viza akijaribu kufanya vivyo hivyo. Anakimbia katika timu ile ile, pengine ndiye anayeiletea mataji, lakini mageuzi yaliyoletwa kwa jina la haki yamempita kando.

Na viza yenyewe si hakika. Kati ya mwishoni mwa Mei na katikati ya Juni 2025, balozi za Marekani kote duniani zilisitisha kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, wakati ambapo waliopata nafasi za muhula wa Agosti walikuwa wakisubiri kwa hamu. Agosti mwaka huo, serikali ya Marekani ilipendekeza kanuni ya kuwawekea wanafunzi wa kigeni muda usiozidi miaka minne, badala ya utaratibu wa kuwaruhusu kukaa kwa kadiri masomo yanavyoendelea. Kwa mwanariadha aliyejeruhiwa, au aliyehama kutoka chuo kidogo hadi kikubwa, miaka minne ni michache.

Wanasiasa wa Marekani nao hawajakubaliana kuhusu mwelekeo. Julai 24, 2025, Rais Donald Trump alitia saini agizo lililovitaka vyuo vyenye mapato makubwa ya michezo kulinda na kuongeza nafasi za ufadhili katika michezo isiyoingiza pesa. Katika Bunge la Congress, mswada uliopewa jina la SCORE, ulionuia kuvipa vyuo kinga ya kisheria na kuzuia wanamichezo kutambuliwa kuwa waajiriwa, uliondolewa Desemba 2025 kabla ya kupigiwa kura katika Bunge la Wawakilishi. Iwapo siku moja mahakama itaamua kwamba wachezaji wa kandanda ni waajiriwa, gharama za vyuo zitapanda tena, na michezo midogo itakuwa ya kwanza kukatwa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Na katika vita hivi, nyasi nyingine zimeota mbali sana, kwenye vumbi jekundu la Uasin Gishu.

Wazazi wa Uasin Gishu hawahitaji kukumbushwa uchungu wa ndoto ya ughaibuni inapokwenda mrama. Mwaka 2023 waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa ajili ya watoto wao kupelekwa vyuoni Finland na Canada chini ya mpango ulioendeshwa na kaunti, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Wengine walikuwa wameuza mashamba na ng'ombe. Kipindi cha mageuzi, ambapo kanuni hubadilika kila msimu na wachache tu wanazielewa, ndicho kipindi mwafaka kwa mawakala walaghai kuahidi ufadhili usiokuwepo.

Kwa hivyo, mzazi na mwanariadha wanapopokea barua kutoka chuo cha Marekani, yapo maswali ya kuuliza kabla ya kusherehekea. Je, ufadhili ni wa mwaka mmoja unaoweza kusitishwa, au ni wa kipindi chote cha masomo? Je, mwanafunzi akiumia, au kocha akihama, karo itaendelea kulipwa? Je, chuo kimejiunga na utaratibu mpya wa malipo, na timu yake ya riadha ina nafasi ngapi? Je, shahada atakayosomea ina soko, au amechaguliwa masomo mepesi ili abaki uwanjani? Na chuo halali hakimwombi mwanariadha kinayemfadhili kutuma pesa kwa simu ili "kuharakisha mambo".

Ipo pia njia isiyotegemea kandanda wala miguu. Mwaka 2004, Mike Boit na mwanahabari Mmarekani John Manners walianzisha mpango wa KenSAP, unaowasaidia wanafunzi hodari masomoni kutoka Bonde la Ufa kuingia katika vyuo vikuu bora vya Marekani kwa misaada ya kifedha ya vyuo hivyo. Ni jambo la kutafakari kwamba mwanariadha aliyenufaika na mbio aliamua kujenga daraja la vitabu.

Hata hivyo, daraja lolote la kwenda kwa wenyewe hutegemea hiari ya wenyewe, na wahenga hawakukosea waliposema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, ina Chuo Kikuu cha Moi huko Kesses na Chuo Kikuu cha Eldoret. Dunia nzima huja kufanya mazoezi katika mazingira yake. Lakini mwaka 2024 mgomo wa wafanyakazi ulilemaza masomo Moi kwa majuma mengi huku chuo kikizongwa na madeni, na ukarabati wa uwanja wa Kipchoge Keino umeburutwa kwa miaka mingi. Kijana mwenye kipaji hulazimika kuchagua kati ya vitabu na mbio kwa sababu hakuna chuo karibu chenye uwezo wa kumpa vyote viwili.

Hapa ndipo serikali kuu, kaunti na Chama cha Riadha Kenya wanapaswa kuelekeza nguvu. Kuwalipia karo wanariadha kadhaa katika vyuo vya nyumbani, kuwapa makocha na ratiba ya masomo inayoafiki mazoezi, hakuhitaji mabilioni ya televisheni. Idara za polisi, magereza na jeshi zimethibitisha kwa miongo kadhaa kwamba taasisi ya umma inaweza kumlea mwanariadha na kumpa riziki. Vyuo vikuu vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kumpa shahada.

Vijana wa Bonde la Ufa wataendelea kwenda Marekani, na wengine watang'ara kama Lemngole na Kosgei. Lakini wale walio nyuma yao, wenye kasi ya wastani na alama za wastani, ambao zamani wangepata nafasi katika chuo cha wastani, ndio watakaokuta viti vimejaa. Hao ndio wengi, na kwao hakuna uamuzi wa mahakama ya California utakaoleta nafuu iwapo hakuna mlango uliofunguliwa nyumbani.